Spika ya Chumbani, Saundiba ya Sebuleni

Wiki ya tatu sasa tangu nistaafu na kumkabidhi Saidi funguo za kabati la vifaa. Neema, ambaye ndiye anayekalia kigoda changu pale dukani, aliniomba niandike. Alisema mengi niliyowafundisha yeye na wenzake niliyasema nikiwa nimeng'ata skrubu mdomoni, na nusu yake hawakuyasikia. Nimeona ana haki. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana duka lilikuwa na watu watatu, na kupanda kwangu kulikuwa kutoka kigoda cha mlangoni hadi kigoda cha dirishani, kwenye mwanga.

Niliingia duka lile la Gongoni nikiwa msichana aliyemaliza shule, sina ufundi wowote ila mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulioniajiri. Mwenye duka alikuwa Mzee Nasoro, baba yake Saidi, fundi wa redio. Babu yake alitoka Omani, akapanda na misafara kutoka pwani, akafika Tabora akachoka kutembea, akaoa. Mzee Nasoro alipenda kusema kwamba mizigo ya babu yake ilikuja kichwani kwa wapagazi na ikafika, ila vipuri vyake yeye vinakuja kwa treni na havifiki.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika vikaratasi vya kubandika kwenye redio za wateja: jina, mtaa, na ugonjwa. Siku ya kwanza akaja mtu akasema redio yake inaongea kwa pua. Nikaona si lugha ya kitaalamu, nikaandika "sauti mbovu". Mzee Nasoro alikisoma kile kikaratasi, akakichana taratibu, akanipa kingine. Alinieleza kwamba sauti mbovu ziko mia, na inayoongea kwa pua ni moja tu. Tangu hapo niliandika neno kwa neno. Inakoroma. Ina mafua. Inasikika kama mtu aliyeko kisimani. Muziki inaimba vizuri, ikifika taarifa ya habari inanyamaza. Hiyo ya mwisho nilidhani ni uchawi, kumbe ni betri zilizochoka, mteja alizianika juani asubuhi zikapata nguvu ya muda mfupi tu, taarifa ikianza zimeisha.

Baada ya mwaka na kitu akaniruhusu kushika vyombo. Alinipa chuma cha kulehemu ambacho mpini wake ulikuwa umefungwa kitambaa, mita ya mshale ya kupimia umeme, na brashi ya rangi ya kupangusia vumbi. Brashi ndiyo niliyoitumia zaidi. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi linaingia mahali ambapo hata maji hayaingii. Wateja wakinikuta peke yangu wananiuliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia ni mimi, wanasema watangoja. Basi wanakaa kwenye benchi kumngoja fundi, nami natengeneza redio yao, na ikianza kuimba wanainuka kunishukuru kwa aibu kidogo. Sikuwahi kuwakasirikia. Benchi lile lilikuwa gumu, lilitosha kuwaadhibu.

Kesi iliyonifunza kazi ililetwa na mama mmoja kutoka Igunga. Alishuka kwenye basi na redio kaseti ameifunga kwa khanga kama mtoto, akatusalimia "mwangaluka", akasema imepoteza sauti. Niliifungua nikakuta pumba za mpunga kila mahali. Nikaisafisha ikapona. Mwezi ule ule akarudi nayo, pumba tele. Nikaisafisha tena. Aliporudi mara ya tatu, Mzee Nasoro aliweka mkono wake juu ya redio kabla sijaifungua. Akamuuliza yule mama mambo mawili: nani anaisikiliza, na anakaa wapi akiisikiliza. Mama akaeleza kwamba anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na redio anaiweka juu ya rafu mbele ya pale pumba zinapotokea, maana mashine ina kelele na anataka aisikie. Siku ile hatukutumia bisibisi. Tulimshonea mfuko wa kitambaa chepesi, tukamwelekeza aisogeze nyuma yake, karibu na sikio. Hakurudi tena, isipokuwa kutuletea mchele.

Mzee Nasoro alipoanza kuzeeka, masikio yalimziba. Kwa fundi wa redio hilo ni jambo zito, na mimi niliogopa zaidi kuliko yeye. Lakini hakuacha kuja. Nikimaliza kutengeneza, namsogezea redio, anaweka ncha za vidole kwenye karatasi ya spika, anafumba macho. Kisha anasema, "Besi ipo, ila pembeni imechanika." Naangalia pembeni, kweli imechanika. Miaka ile ya mwisho tulifanya kazi hivyo, mimi sikio, yeye vidole, na tangu alipofariki sijapata mtu wa kufanya naye kazi kwa ukaribu ule. Nawapenda nyote, Neema, usinielewe vibaya. Ila kuna saa za asubuhi, duka likiwa halijapata mteja, nilikuwa nikimaliza redio nikaisogeza upande wa kushoto, kwenye nafasi yake, kabla sijakumbuka.

Saidi alipolichukua duka, redio zilikuwa zimepungua. Watu walinunua runinga bapa kama sinia, picha safi, sauti hakuna. Spika za runinga hizi zimefichwa nyuma au chini, zinaongea na ukuta. Kwa hiyo akajaza rafu vitu viwili, na hapo ndipo ilipoanzia kazi yangu ya mwisho, ya kuwasaidia watu kuchagua. Kuna saundiba, ile spika ndefu nyembamba inayolala chini ya runinga, ambayo wateja wengine wanaiita rula. Na kuna spika isiyo na waya, ya duara au kama mkebe, unayoiweka popote nyumbani na inapokea sauti hewani.

Nitawaandikia kwa kifupi, maana mnaulizwa kila siku. Saundiba inatoa sauti mahali picha ilipo, na maneno ya mtu yanatoka wazi, hayamezwi na muziki. Inafungwa kwa waya, kwa hiyo mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Lakini haihami. Spika isiyo na waya inahama, nyingine ina betri na umeme ukikatika inaendelea. Ila kuta za matofali ya kuchoma zinaichosha, na mara nyingine mdomo wa msomaji habari unatangulia, sauti inafuata nyuma kama mtu aliyechelewa kwenye swala. Kwa muziki wa jikoni, chukua spika. Kwa runinga, chukua saundiba, hata ile fupi kabisa. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaamini, na ni kweli. Sasa niwaeleze siku niliyoyaacha.

Mzee Maganga alikuja dukani asubuhi moja amevaa koti la kazini la zamani. Alikuwa mstaafu wa reli. Mkononi alikuwa na kamba yenye mafundo mawili. Urefu kati ya mafundo ndio upana wa runinga yake, alisema, na alitaka saundiba isiyozidi hapo. Mwanawe Mihayo, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyemtuma, na alikuwa amesisitiza ichukuliwe yenye sauti kubwa ya kufika hadi vyumbani. Neema alikwisha kushusha boksi kwenye rafu. Mimi nikamwamkia mzee, akaitikia, nikamuuliza nani anatazama naye.

"Mimi na mama," akasema.

Nikamuuliza mama anakaa upande gani wa runinga. Aliifunga kamba yake kwenye kidole, akaifungua. Kisha akaeleza kwamba mama yuko chumbani. Alipata kiharusi mwaka juzi, miguu ikakataa, na hajakaa sebuleni tangu siku hiyo. Ndiyo maana Mihayo alitaka sauti kubwa, ipite ukutani.

Nikamwambia Neema arudishe boksi, nikaenda na mzee hadi kwao Ipuli.

Nyumba ilikuwa safi, ya watu waliozoea kupanga vitu kwa ratiba. Sebuleni kulikuwa na runinga na kiti kimoja chenye mto uliobonyea. Mzee aliwasha ili nisikie. Ilikuwa tamthilia, na mwanamke mmoja alikuwa akimsema mkwewe. Hazikupita dakika tano, sauti ikatoka chumbani: "Baba Mihayo, amesema nini?" Mzee akasimama. Magoti yake yalikuwa mabaya, alishika ukuta wa korido kwa kiganja, na pale anaposhika kila siku rangi ilikuwa imefifia. Akaingia chumbani, nikamsikia akimsimulia mkewe yaliyosemwa, na nadhani aliongeza na yake, maana mama alicheka. Akarudi, akakaa. Baada ya muda mfupi akaitwa tena. Nikiwa pale alisimama mara nne.

Niliyaonea huruma yale magoti. Ndilo nililoliona, na sikuona kingine.

Nikamshauri aache saundiba, achukue spika isiyo na waya, ndogo, ya kuwekwa kando ya kitanda. Runinga yao ilikuwa na uwezo wa kutoa sauti sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo yeye angesikia sebuleni, mama angesikia chumbani, kila mtu kwa kiwango chake. Niliifunga mwenyewe. Nilijaribu pande zote za chumba hadi nikapata mahali ambapo ukuta hauikati, juu ya kikabati, karibu na picha ya harusi yao. Mama Mihayo alikuwa mwanamke mwembamba, macho makali, nywele kasuka vizuri kwa mgonjwa. Alisikiliza, akasema, "Nasikia hata wanavyopumua." Akanishukuru sana. Nilirudi Gongoni kwa miguu, njia nzima najisifu, na wiki ile nzima, Neema, nilikuhubiria habari ya kumsikiliza mteja hadi ukanionyesha uso wa kuchoka.

Ulipita mwezi, labda na nusu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka. Mama Mihayo akanipigia simu yeye mwenyewe, akasema spika ina tatizo, akaniomba nije asubuhi, wakati Baba Mihayo amekwenda sokoni. Hilo la wakati lilinishangaza, lakini nilichukua mita yangu nikaenda. Jirani yake alinifungulia mlango akarudi kwake.

Niliikagua spika ile kila upande. Chaji ilikuwa nzuri, sauti safi, haikatiki. Nikamwambia sioni ugonjwa.

"Haina ugonjwa, mwanangu," akasema. "Nataka uiharibu kidogo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. Hakutaka ife. Alitaka tu iwe na mkwaruzo, imeze maneno, ili asielewe kila kitu.

"Zamani nilikuwa sisikii, namwita, anakuja. Anakaa hapa kitandani, ananieleza, anasahau kuondoka. Sasa nasikia yote. Sina la kumwita."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie.

"Nimwambie nini? Kwamba nataka magoti yake yaumie?"

Chumba kile nilikipima vizuri siku ile ya kwanza, umbali wa ukuta, urefu wa kikabati, lakini mahali pa mtu kukaa kitandani sikupapima. Nilimweleza kwamba kuharibu kitu kizima sijawahi, na kumdanganya mzee sitaweza. Akanielewa. Lakini akanitaka nimwahidi kwamba sitamsimulia mumewe aliyoniambia. Nikaahidi, nikafunga mkoba wangu.

Siku kadhaa sikuwa na raha. Nililehemu vibaya, nikajichoma kidole, jambo ambalo halikuwa limenipata tangu ujana. Katika miaka yangu yote nilirudishiwa vitu kwa sababu nimeshindwa kuvitengeneza. Hiki kilikataliwa kwa sababu kimefanya kazi barabara. Neema aliniuliza kulikoni, nikamwambia ni kichwa. Haikuwa kichwa. Nilikuwa nikiwaza mama yule kwenye kile chumba, anasikia kila neno la watu asiowajua, na mtu anayemtaka yuko upande wa pili wa ukuta, ametulia kwenye kiti chake kwa sababu mimi nimemtuliza.

Mwishowe nikamweleza Saidi kwamba nilimchagulia mteja vibaya na nataka kubadilisha. Alikubali. Nikachukua saundiba fupi kuliko zote, nikaenda Ipuli mchana, wakati mzee yupo.

Nilimkuta sebuleni. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba nilikosea, kwamba runinga na sauti yake havikutakiwa kutenganishwa, na ninachoshauri sasa ni kuihamishia runinga chumbani na kuweka saundiba chini yake. Hakupenda. Alisema chumba cha mgonjwa si mahali pa runinga, na wageni wakija watakaa na nani. Nikamuuliza mgeni wa mwisho alikuja lini.

"Mama amelalamika?" akauliza.

Nilikuwa nimeahidi, na sikutaka kusema uongo. "Muulize mwenyewe, mzee," nikamwambia.

Akasimama, akashika ukuta, akaenda. Mlango wa chumbani haukufungwa vizuri. Mimi ambaye kazi yangu yote ilikuwa kusikia, nilitoka nikasimama uani kwenye manyunyu, ili nisisikie. Nilihesabu mabati ya jiko lao. Nikaangalia kuku wa jirani wakijibanza chini ya mkokoteni. Ilichukua muda mrefu, na koti langu lililowa mabegani.

Aliponiita, nilimkuta amesimama katikati ya sebule. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. Nilidhani ataanza na runinga.

"Nisaidie kubeba kiti," akasema.

Tulikibeba pamoja, kile chenye mto uliobonyea. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi tukigeuze mara mbili. Mama Mihayo alikuwa akitazama, ametulia, mkono mmoja ameshika shuka. Mzee alitaka kukiweka miguuni pa kitanda, palipo na nafasi. Mama akasema kwa sauti ndogo kiletwe huku, kichwani. Tukakisogeza hadi mkono wa kiti ukagusa godoro. Runinga tuliileta baadaye, nikaiweka juu ya meza ya kujipodolea, saundiba mbele yake. Niliipunguza sauti, nikaipunguza tena, hadi mama akasema inatosha. Ilikuwa chini sana. Mtu aliyesimama mlangoni asingesikia kitu.

Niliwapitia mara kwa mara baada ya hapo, nikijidai nakagua waya. Mara zote niliwakuta wanazungumza juu ya tamthilia hadi hawaitazami. Mzee alikuwa akibishana na mkewe kuhusu yule mkwe kama vile ni ndugu zao. Masika yote yakapita hivyo, na kiangazi.

Mama Mihayo alifariki mvua zilipokaribia tena. Nilikwenda msibani. Mihayo alikuja kutoka Dar na wenzake, akaniambia mama alikuwa amemsimulia kwenye simu habari ya kiti. Hakumweleza sababu, alimwambia tu kwamba fundi wa Gongoni ndiye aliyemletea Baba Mihayo chumbani. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba kwa muda.

Hiyo ndiyo kesi yangu ya mwisho ngumu, na nimeiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo ninayoiota. Ninazikosa sauti zote zile, redio zenye mafua na zinazokoroma, na vidole vya mzee wangu kwenye karatasi ya spika. Lakini ninachokikosa zaidi ni kule kuingia nyumba ya mtu na kuambiwa kinachomsumbua. Sasa nikiingia nyumba ya mtu ni mgeni tu, napewa chai.

Juzi nilikuwa napita Ipuli, nikagonga kwa Mzee Maganga. Nilikuwa na hofu kidogo kwamba ataniomba nikague kitu. Hakuomba. Alinikaribisha sebuleni, ambako sasa kuna mkeka na viti viwili vya plastiki alivyoazima kwa jirani na hajavirudisha. Chumbani hakunipeleka, nami sikutazama upande ule. Alipika kahawa mwenyewe, akaniuliza kustaafu kunaendaje. Nikamjibu kwamba siku ni ndefu. Akasema ndiyo, ni ndefu. Nje watoto walikuwa wanatoka madrasa, wanagombana kuhusu kalamu, na mwanamke mmoja alikuwa akiita muuza mkaa. Tukanywa kahawa yetu, tukiwasikiliza, mpaka wakapita.